Siku Niliyokaa Nyuma na Mbwa

Mke wangu alinipigia simu asubuhi nikiwa napepea jiko la makaa, akaniuliza mbwa amekula nini. Nilingoja aulize na mimi nimekula nini, lakini swali hilo halikuja.

"Amekula ugali na omena," nikasema, wale dagaa wetu wa ziwani.

"Omena umewatoa vichwa?"

"Mbwa gani hutolewa omena vichwa?"

"Huyo wangu." Kisha sauti yake ikashuka. "Mzee, mimi huku silali. Bati likilia naamka. Lisipolia naamka vilevile, nikijiuliza mbona halilii. Niletee mbwa wangu."

Tulikuwa tumekaa Migori karibu maisha yetu yote ya ndoa, katika nyumba ya kupanga nyuma ya soko, mpaka nilipostaafu kazi yangu ya ghalani na tukaamua kurudi kwetu, upande wa Homa Bay, kando ya barabara ya kwenda Mbita. Mvua zilipokaribia, mke wangu alitangulia ili awahi kupanda mahindi. Mimi nilibaki kumalizana na mwenye nyumba. Yeye alitaka kwenda na mbwa. Nikamkatalia. Nikasema mbwa ni mlinzi na kazi ya mlinzi ni kulinda mali, na mali yetu nyingine bado iko Migori. Mali yenyewe ilikuwa meza iliyovunjika mguu na mapipa ya maji. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na nalitaja mapema kwa sababu yako mengine nyuma yake yanangoja zamu.

Mbwa mwenyewe ni jike wa rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine limelala. Kwa miaka yote aliyokuwa nasi alilala amejinyoosha mlangoni, na mke wangu alijua maana ya kila sauti yake. Kuna mbweko wa paka, kuna wa mlevi anayepita na nyimbo zake, kuna wa mtu asiyejulikana. Kama hakuna mbweko, hakuna jambo. Mke wangu alikuwa amemwachia mbwa masikio yake usiku kucha, yeye akalala. Sasa alikuwa peke yake katika boma ambalo jirani wa karibu ni lazima umwite kwa sauti kubwa na upepo uwe upande wako, na masikio yake yalikuwa Migori yanalinda meza mbovu.

"Nitamleta," nikasema.

"Si kwenye gunia."

Nilikuwa nawaza gunia. Kwetu watu wengi hubeba mbwa hivyo, kichwa nje, mwili ndani, kamba shingoni, kisha kwenye buti pamoja na viazi. Nimebeba wanyama tangu utotoni. Kuku niliwabeba kichwa chini miguu juu, mbuzi niliwafunga juu ya paa la basi wakaona nchi nzima. Sikudhani kuna jambo kuhusu kusafirisha mnyama ambalo mwanamke angenifundisha kwa simu.

"Nisikilize vizuri," akaanza, "kabla hujamtoa nyumbani, kwanza..."

"Mama, makaa yanazima," nikasema, nikakata.

Nilijaribu matatu kwanza. Konda alimtazama mbwa, akanitazama mimi. "Mzee, mbuzi tunabeba. Mbuzi haiwezi kuniuma nikidai nauli." Abiria wakacheka, nikaondoka na mbwa wangu. Ndipo mkwe wangu, mume wa binti yetu, anayeuza vipuri vya pikipiki pale Migori, akasema atatupeleka kwa gari lake Jumapili, kwa kuwa Jumamosi ni Sabato yetu sote.

Sasa hapa ni lazima nieleze habari ya mkwe. Kwetu mkwe ni mtu wa heshima na pia wa kuogopwa kidogo, na hofu hiyo inakwenda pande zote mbili. Mkwe haoni uchafu wako, nawe huoni wake. Niliposikia kwamba mbwa wangu atapanda gari la mkwe, sikumwona tena kama mbwa anayesafiri. Nilimwona kama mtu anayepelekwa ukweni, nami ndiye mzazi wake, na aibu yake ni aibu yangu.

Kwa hiyo nilimwogesha. Nilimsugua kwa sabuni ya kipande, nikamsuuza, nikamsugua tena, nikampaka na mafuta kidogo mgongoni mpaka akang'aa. Gunia lake kuukuu alilolalia miaka yote, lililonuka yeye na mlango wetu, nililitupa jalalani, nikamnunulia blanketi jipya lenye harufu ya duka. Alijinusa mgongo kama mtu aliyevalishwa koti la mwingine. Alipokwenda kulala aliliruka lile blanketi, akalala kwenye saruji.

Na asubuhi ya safari nilimlisha. Mama yangu hakumwacha mtu atoke nyumbani kwake bila kula, hata mtoza kodi. Nilisonga ugali wa kutosha, nikamwaga juu yake supu ya kichwa cha sangara, na juu ya supu nikamwaga maziwa. Alikula yote, akalamba bakuli mpaka likasogea uani. Nikaridhika. Nikajiambia, huyu sasa atafika Homa Bay hana deni na njaa.

Mkwe alifika jua likiwa bado changa. Gari lake ni lile dogo jeupe la aina inayobeba mikate, maziwa na waombolezaji, lakini la kwake lilikuwa linatunzwa kama kitambaa cha kanisani. Viti vyote vilikuwa bado vimevaa nailoni za dukani. Alikuwa amelinunua zamani na nailoni hakuzivua, na abiria wake walikuwa wakishuka na jasho mgongoni wakisema asante.

"Mzee, wewe mbele," akasema, akinifungulia mlango.

Bila shaka mbele. Ningekaa wapi kwingine? Mbwa tulimwinua pamoja tukamweka kiti cha nyuma, peke yake juu ya nailoni. Nilimfunga kamba shingoni, na ncha nyingine nikaifunga kwenye ule mshikio ulio juu ya dirisha, ili asimrukie dereva. Lile blanketi jipya nilimtandikia. Kando yake niliweka mfuko wa vitu alivyoagiza mke wangu, sufuria yake mpya ndogo na leso zake za kujifunga nyumbani.

Mkwe alipokata kona ya kwanza, mbwa aliteleza na blanketi lake kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Kona ya pili akarudi. Kucha zake zilitafuta mahali pa kushika kwenye nailoni zikakosa. Hakulia. Alitazama tu kisogo changu, najua hivyo kwa sababu nilikihisi kinawasha.

Kabla ya Uriri akaanza kulamba midomo na kupiga miayo.

"Unaona," nikamwambia mkwe, "ameanza kusinzia. Mbwa akishiba hulala."

"Vizuri sana, Mzee."

Akapiga miayo tena, mirefu, na mate yakamtoka kama uzi. Nikasema huo ndio usingizi wenyewe. Tukaendelea kuzungumza habari za bei ya vipuri. Halafu nyuma ikasikika sauti kama ya mtu anayevuta jerikeni tupu kutoka kwenye matope.

Mkwe akapunguza mwendo.

"Mzee," mkwe akasema, macho mbele.

"Ora," nikaitika. Ndivyo tunavyowaita wakwe kwa Dholuo.

"Nafikiri amemwaga kidogo."

"Amemwaga nini?"

"Staftahi."

Ilikuwa yote. Ugali, sangara, maziwa. Nailoni haikunywa hata tone, kwa hiyo kila kona ile staftahi nayo ilisafiri. Nimewajua watu wenye adabu, lakini sijamwona mwingine kama mkwe wangu siku ile. Hakushika pua. Alishusha kioo chake polepole, kana kwamba alitaka kuangalia mahindi ya watu yameotaje.

"Mahindi ya huku yamependeza," akasema kwa shida.

"Sana," nikasema.

Tulisimama Awendo, mahali wanawake wanapouza ndizi na maji kando ya barabara, na vijana wa bodaboda wanangoja abiria. Upande wa pili lilikuwa shamba la miwa iliyokomaa. Nilishuka kwa haraka ya mtu mwenye aibu, nikafungua mlango wa nyuma. Ile kamba ilikuwa imemkaza mbwa shingo kwa sababu ya kuteleza, macho yamemtoka. Nikamhurumia nikaifungua. Yaani nilifungua mlango kwanza, kisha nikafungua kamba, na mkono wangu haukushika chochote.

Alipita katikati ya miguu yangu. Trekta la miwa lilikuwa linakuja na trela zake mbili, dereva akakanyaga breki, miwa ikamwagika, wanawake wakapiga kelele, na mbwa akavuka chini ya pua ya lile trekta akaingia shambani. Majani yakatikisika kidogo, yakatulia. Ikawa kana kwamba hajapata kuzaliwa.

Mtu asiyejua miwa hawezi kuelewa. Ukiingia ndani humwoni aliye umbali wa mkono. Majani yana makali, na sauti yako inarudi usoni. Mimi na mkwe tuliingia, yeye na viatu vyake vya kanisani, tukaita, tukapiga mluzi, tukatoka upande mwingine tukiwa na michubuko na bila mbwa. Vijana wa bodaboda walitusaidia, lakini kwa mdomo zaidi.

"Mbwa iko na rangi gani?"

"Ya udongo."

"Mzee, unatafuta mbwa ya udongo kwa udongo?"

"Anatoka wapi?"

"Migori."

"Basi amerudi Migori. Mbwa ya Migori haiwezi kaa Awendo, hapa hakuna pesa."

"Mzee, si umpigie tu simu?" akasema mmoja aliyekuwa amelala juu ya pikipiki yake, na wote wakacheka mpaka wakashikana mabega. Hata yule mama wa ndizi alicheka, huku akijifunika mdomo kwa sababu ya umri wangu.

Nilitaka kucheka pia lakini sikuweza. Nilikuwa namwona mke wangu amekaa kitandani, miguu chini, anasikiliza bati. Trela nyingine zilikuwa zinapita. Ile ya kwanza ilimkosa. Nilijua barabara ile haikosi mara nyingi.

Hapo simu yangu ikalia.

"Mmefika wapi?" akauliza.

"Awendo. Tunapumzika kidogo."

"Mbwa naye anapumzika?"

"Naye pia."

"Anapumzika wapi?"

Nilitazama lile shamba. Nilikuwa na uongo wa kila namna tayari mdomoni. Katika ndoa yetu nimetumia mwingi, mdogo mdogo, wa kuokoa uso. Lakini kila uongo nilioupima uliishia mahali pamoja, mimi nikishuka garini nyumbani kwake bila mbwa.

"Kwenye miwa," nikasema. "Nimemfungulia mlango bila kumshika. Amekimbia. Sijui yuko wapi."

Nilingoja anipasue. Nikasikia kuku wake. Kisha akasema, "Weka spika. Ipandishe mpaka mwisho. Uiinue juu, uielekeze kwenye miwa."

Nikavuka barabara, nikasimama ukingoni mwa shamba, mzee mzima, nimeinua simu juu kama mtu anayetafuta mtandao. Sauti yake ikatoka, nyembamba, ya kukwaruza, ikiita kama alivyomwita kila jioni Migori alipokuwa akifunga mlango wa jikoni.

"Bi," alisema. "Bi, nyathina. Bi ka."

Njoo, mwanangu. Njoo hapa. Mimi hajapata kuniambia hivyo.

Aliita, akangoja, akaita. Trekta lililokuwa linakuja lilipunguza mwendo, nafikiri dereva alitaka kuona ni kanisa gani hilo. Na majani yakatikisika, si mbali hata kidogo, hatua chache tu kutoka mahali nilipokuwa nimesimama nikipiga mluzi. Alikuwa amelala palepale muda wote akinisikia. Alitoka ametambaa, tumbo chini, mafuta yangu yote yamepakwa vumbi. Akaja mpaka miguuni pangu, akainusa simu, kisha akazunguka nyuma yangu kumtafuta mwenye sauti.

Safari hii nilimshika kabla ya kusema neno lolote.

"Amekuja," nikasema.

Wale vijana wakapiga makofi. Aliyekuwa amelala juu ya pikipiki akasema, "Nilimwambia Mzee apige simu!" na akadai ndizi kama malipo.

Mke wangu hakuwa na haja ya makofi. "Umemfunga wapi?"

"Shingoni."

"Kwenye gari, shingoni? Ukishika breki si utamnyonga? Chukua leso yangu kwenye mfuko. Ipitishe kifuani, nyuma ya miguu ya mbele, ukaze mgongoni. Halafu ule mkanda wa kiti uupitishe ndani ya fundo. Awe anaweza kulala na kugeuka, lakini asiweze kuruka. Kwanza umempa nini asubuhi?"

Nikamwambia.

"Na maziwa?"

"Na maziwa."

"Wewe mzee, ungekula vile halafu nikuzungushe kwenye pipa, ungesemaje? Mbwa akisafiri hula kidogo sana, tena mapema. Ndiyo niliyotaka kukuambia ukasema makaa yanazima." Alivuta pumzi. "Na nani amekaa nyuma naye?"

"Hakuna."

"Kwa nini?"

"Mimi niko mbele."

"Kwa nini?"

Simu bado ilikuwa kwenye spika. Mama wa ndizi alikuwa amesogea.

Mkwe wangu ndiye aliyejitosa. Yeye na mama mkwe wake hufuata desturi ya zamani, hawazungumzi ana kwa ana ikiwa yuko mtu wa kupitishia maneno, na mtu huyo siku zote ni mimi. "Mzee," akaniambia, ingawa simu ilikuwa mbele ya pua yake, "mwambie Mama kwamba haiwezekani nimweke Mzee nyuma. Watu watasema nimembeba mkwe wangu kama mzigo."

"Mwambie mkwe wangu," simu ikajibu, "kwamba namshukuru sana kwa heshima yake. Lakini mbwa hajui desturi. Mbwa anamjua mtu aliye karibu naye."

"Mwambie Mama nimesikia."

"Mwambie mkwe asante."

Sikuwa nimesema neno.

Tulinunua maji kwa yule mama wa ndizi, tukaosha tulivyoweza. Kisha mkwe alisimama akikitazama kiti cha nyuma, akashika ile nailoni kwa mikono miwili na kuivuta. Ilipasuka kwa kelele. Alikuwa kama mtu anayejing'oa jino. Chini yake kitambaa kilikuwa cha rangi ya kijivu iliyopoa, kipya kabisa, chenye kushika kucha.

"Kumbe kina maua," akasema. Alikuwa hajui.

Nikaingia nyuma. Nilimfunga mbwa kwa ile leso kama nilivyoelekezwa, mkanda ndani ya fundo, na kioo tukakishusha kiasi cha kuingiza hewa lakini si kichwa. Lile blanketi la dukani nililitia kwenye buti. Mbwa aliinusa leso kifuani mwake, akainusa tena, akajizungusha kadiri alivyoweza, akajilaza. Gari lilipoondoka alitetemeka. Nikaweka mkono ubavuni mwake, na baada ya muda kidevu chake kikashuka juu ya goti langu.

Miaka yote ile nilikuwa nikimwita mbwa wa mama, na sijui kama nilipata kumgusa isipokuwa kumsukuma kwa mguu apishe mlango. Nilikuwa sijui kwamba chini ya lile sikio lililolala kuna manyoya laini kama ya kifaranga. Wala sikujua kwamba akiogopa moyo wake unapiga mpaka unausikia kwenye paja lako.

Na nilikuwa sijui kiti cha nyuma. Mbele, tuta ni jambo unaloliona linakuja. Nyuma, tuta linakuja kutoka chini bila hodi. Matuta ya Rongo yalinirusha mpaka kichwa kikagusa paa, na kila lilipotokea moja nilimbana mbwa, naye akanikazia mwili wake. Mkwe akajifunza kutangaza. "Tuta, Mzee!" anasema, nami namwambia mbwa, "Tuta," na sote wawili tunajiandaa.

Hapo kati ya tuta na tuta nililikumbuka lori. Tulipohamia Migori tukiwa vijana, mke wangu alikaa nyuma juu ya magodoro, mtoto wetu wa kwanza mapajani, na mimi mbele na dereva. Tulipohama nyumba baadaye, vilevile. Na juzi tu, alipotangulia na vitanda na kuku, kiti cha mbele nilimpa binamu yangu aliyekwenda kusaidia kushusha vitu, kwa sababu ni mwanamume na ana umri. Mke wangu alipanda nyuma kwa kushika kamba. Sikuwahi kufikiri barabara ilikuwaje kutoka huko. Nilidhani ni barabara moja.

Polisi walitusimamisha Rodi Kopany. Askari aliinama dirishani kwa mkwe, akaona kiti cha mbele kitupu, kisha akaniona mimi nyuma, nimekumbatia mbwa aliyevaa leso ya maua.

"Huyu mzee amekosa nini akawekwa nyuma na mbwa?"

"Ni amri ya mama mkwe, afande," mkwe akasema.

Askari akasimama wima, akarudi hatua. "Pita. Hiyo kesi mimi siiwezi."

Homa Bay mjini jua lilikuwa limekaza. Mkwe alitaka kununua mkate na sukari, maana hakuna mkwe anayefika mikono mitupu, na mimi nilikuwa na haja ya kunyoosha magoti. Asubuhi ile ningefunga vioo, nikamwacha mbwa ndani, nikaenda zangu. Lakini joto lililonipiga gari liliposimama lilinitosha. Tuliegesha kwenye kivuli cha ukuta, mkwe akaenda peke yake. Nilimshusha mbwa, leso mkononi nimeizungusha mara mbili kwenye kiganja, nikammiminia maji kwenye ile sufuria mpya ya mke wangu. Akanywa, akatazama ziwa, akapiga miayo. Nilimchungulia mdomo kwa wasiwasi, lakini mate hayakuwapo. Ulikuwa mwayo wa kawaida.

Tulipoingia bomani mke wangu alikuwa amesimama uani, mikono imejaa unga. Nilihakikisha nimeshika leso kabla ya kufungua mlango. Ikawa kazi bure, maana mbwa alinivuta mpaka nikafika kwa mke wangu mbio, jambo ambalo sijalifanya tangu ujana.

Alichuchumaa akamkagua kama anayekagua mtoto aliyetoka bweni. Masikio, macho, fizi, kila mguu. Kwenye wayo mmoja alikuta mkato wa jani la miwa, mwembamba, umekauka damu. Sikuwa nimeuona.

"Mzima?" nikauliza.

"Mzima. Ananuka sabuni na matapishi, lakini mzima." Ndipo akanitazama. Nilikuwa na majani kwenye nywele. "Kweli ulikaa nyuma?"

"Kutoka Awendo."

"Na matuta ya Rongo?"

"Yote."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kabisa, mbwa akimlamba unga wa mikononi. Nilingoja amalize, kisha nikasema lile nililokuwa nalo tangu Rongo. "Lile lori. Ningekuweka wewe mbele."

Akajifuta macho kwa mkono. "Mbele dereva alikuwa anavuta sigara. Nyuma nilikuwa na hewa." Akamgeuza mbwa upande, akautazama tena ule wayo. "Lakini hukuniuliza."

"Sikukuuliza."

"Haya. Leta maji ya chumvi."

Alimsafisha jeraha, akasalimiana na mkwe kwa mbali kama inavyotakiwa, habari za watoto zikipitia kwangu, akatukaribisha chakula ambacho alikuwa amekiandaa. Baadaye mkwe alisema ataliosha gari kabla harufu haijakaa. Mke wangu alitaka kuosha yeye, lakini mama mkwe haingii kwenye gari la mkwe wake na kitambaa cha kufutia, kwa hiyo nikasema ni kazi yangu. Ilikuwa yangu kwa haki zote.

Tukatoa mikeka ya gari, tukachota maji kwenye tangi. Mkwe alikuwa sasa anavua na nailoni za viti vya mbele, moja baada ya nyingine, bila kuambiwa na mtu. Mke wangu aliketi kwenye kiti mlangoni ili atuelekeze pa kusugua. Alituelekeza mara moja au mbili, kisha maelekezo yakakoma. Nilipogeuka kumuuliza kama sabuni nyingine ipo, kichwa chake kilikuwa kimeangukia bega, mdomo wazi kidogo, kikombe cha chai bado kimejaa kwenye stuli. Mbwa alikuwa amejinyoosha kizingitini mbele ya miguu yake.

Upepo wa ziwani ulipita, bati likalia. Mbwa akainua lile sikio lake, akasikiliza, akaliacha. Mke wangu hakutikisika.

Mkwe aligeuza uso haraka, kwa sababu si adabu kumtazama mama mkwe amelala. Akaiweka ndoo chini polepole sana, akavua viatu vyake, nami nikavua vyangu, tukaendelea kuosha gari miguu mitupu, tukionyeshana kwa vidole mahali palipobaki.